Changamoto ya Ubunifu Mkono Ukiwa Kwenye Plasta: Mwongozo kwa Mkazi wa Nairobi

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea kuchora, kuandika, kushona au kupiga picha, ambaye sasa mkono wake wa kazi umefungwa plasta, na ambaye angali anatamani kushiriki changamoto ya ubunifu ya mwezi mzima kama wenzake. Nimemlenga mkazi wa Nairobi kwa kuwa vifaa, mvua na matatu nitakavyovitaja ni vya mji huu, ingawa aliye Kisumu au Mombasa hatapotea akiufuata. Katika mifano nitachukulia kwamba mkono ulioumia ni wa kulia. Aliyeumia wa kushoto ageuze maelekezo.

Msimamo wangu ni mmoja. Usijaribu kuifanya kazi yako ya siku zote kwa mkono ambao haukuizoea. Tafuta kazi nyingine ambayo mkono huo, au sauti yako, au jicho lako, linaimudu vizuri tangu siku ya kwanza. Mtu aliyechora nyuso kwa mkono wa kulia kwa miaka mingi, kisha akang'ang'ania kuchora nyuso zile zile kwa kalamu nyembamba na mkono wa kushoto, atapata sura zisizompendeza na atakata tamaa kabla ya wiki kuisha. Anayebadili kazi hana mchoro wa jana wa kujilinganisha nao, na hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Hatua ya kwanza: anza na daktari

Kabla hujatoka kliniki ya mifupa, muulize daktari au mhudumu aliyekufunga plasta mambo matatu: iwapo unaruhusiwa kutumia vidole vinavyochomoza kwa kazi nyepesi kama kushikilia karatasi, ni lini utarudi kupigwa eksirei, na iwapo dawa za maumivu ulizopewa huleta usingizi. Swali la mwisho watu wengi hulisahau. Dawa kali kama tramadoli na kodeini zinaweza kuleta usingizi na kizunguzungu, na mtu aliyezimeza hapaswi kushika wembe wa kukatia karatasi wala kusimama juu ya kiti kubandika kazi ukutani.

Siku za kwanza ni za uvimbe. Mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo kadiri inavyowezekana, ukiwa umelazwa juu ya mito unapokaa au kulala, na vidole vichezeshwe mara kwa mara isipokuwa umekatazwa. Kiwiko na bega, ikiwa havijafungwa, navyo visiachwe vikakakamaa. Plasta nyeupe ya unga wa jasi huhitaji siku 2 hadi 3 kukauka kabisa, na katika muda huo haipaswi kuegemezwa kwenye ukingo wa meza, kwa sababu hubonyea na kuufinya mkono kwa ndani. Ile ya nyuzi za kioo, ambayo ni nyepesi na ghali zaidi, hukauka ndani ya saa moja hivi.

Vidole vikigeuka rangi, vikipoa, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua hata baada ya kuuinua mkono na kumeza dawa, rudi hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku. Fanya hivyo pia ukipata homa au ukisikia harufu mbaya ikitoka ndani ya plasta. Usiingize chochote ndani ya plasta kujikuna. Wachoraji wako hatarini kuliko watu wengine katika jambo hili, kwa sababu rula na brashi ndefu huwa karibu nao wakati wote, na kidonda kidogo kilichofunikwa kwa wiki kadhaa si kidonda kidogo tena.

Hatua ya pili: pangia kalenda ya mfupa, si ya wenzako

Mvunjiko wa kawaida wa kifundo cha mkono kwa mtu mzima hufungwa plasta kwa takriban wiki 6. Kuna vifupa vya kifundo, hasa kile kilicho chini ya kidole gumba, ambavyo hupata damu kidogo na hivyo huchukua muda mrefu zaidi. Tarehe yako atakupa daktari; kazi yako ni kuitumia.

Wiki ya kwanza iache bila changamoto yoyote. Ni wiki ya uvimbe, ya usingizi uliokatikakatika, na ya kujifunza kuoga, kuvaa na kula kwa mkono mmoja, mambo ambayo kwa kweli ni ubunifu tosha. Changamoto yenyewe iweke kati ya wiki ya pili na ya tano. Wiki ya sita ibaki wazi kwa ajili ya kliniki, foleni, na uwezekano wa kuambiwa mfupa haujashika vizuri na kwamba plasta itaongezewa muda.

Ikiwa changamoto unayoitamani ina mwezi wake maalumu, kama ile ya kuchora kwa wino iitwayo Inktober, iliyoanzishwa na mchoraji wa Marekani Jake Parker mwaka 2009 na ambayo hufanyika kila Oktoba, na plasta yako imekuja Septemba mwishoni, usijilazimishe kuanza tarehe 1. Anza tarehe 10. Hakuna mtu atakayekuja kukukagua.

Hatua ya tatu: andika sheria zako upya

Changamoto yoyote ya ubunifu ni mchezo wa masharti. Mmoja anaambiwa achore kwa wino peke yake, mwingine aandike kwa mwezi mmoja tu, mwingine atumie rangi mbili. Plasta ni sharti moja zaidi, na tofauti yake ni kwamba hukulichagua. Kwa hiyo lichukue jinsi lilivyo na ulijengee sheria zinazolingana nalo kabla ya siku ya kwanza. Sheria zikibadilishwa katikati, mtu huhisi anajidanganya. Zikiwekwa mapema ni sheria tu.

Jambo kuu ni kupima muda badala ya wingi. Chukua mfano wa changamoto ya kuandika riwaya mwezi wa Novemba, iliyoanzia San Francisco mwaka 1999, ambayo lengo lake lilikuwa maneno 50,000 kwa siku 30. Hayo ni maneno 1,667 hivi kwa siku. Mtu anayechapa maneno 15 kwa dakika kwa mkono mmoja atakaa kwenye kibodi karibu saa 2 kila siku, na mkono wake mzima utaanza kuuma kabla ya wiki ya pili. Dakika 20 kwa siku ni lengo linalotosha, na zikiisha, simama hata kama sentensi haijafika mwisho. Hata Inktober huruhusu mshiriki kuchora siku moja na kuruka moja, au mara moja kwa wiki, na bado akahesabiwa kuwa mshiriki kamili. Sioni kwa nini mtu aliyevunjika mfupa ajiwekee masharti makali kuliko yale.

Sheria zisizidi tano. Mojawapo iseme kwamba siku ya kliniki haihesabiwi, na nyingine iseme kwamba siku iliyopita bila kazi hailipwi deni kesho yake. Mtu anayefanya kazi ya siku mbili kwa siku moja huumia mkono wa pili, na hapo ndipo changamoto inapogeuka kuwa ugonjwa mwingine. Mwambie mtu wa nyumbani aziandike kwa herufi kubwa, uzibandike mahali unapokunywa chai.

Hatua ya nne: chagua kazi inayokufaa

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na ndiyo maana nitakaa hapa muda mrefu. Soma kazi zote kwanza, kisha uchague moja tu.

Shairi la kutunga kwa mdomo. Kwa maoni yangu hii ndiyo changamoto inayomfaa zaidi mwenye plasta, na ajabu ni kwamba huwa ya mwisho kutajwa. Ushairi wetu haukuwahi kuisubiri kalamu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, yaliishi kwa kiasi kikubwa vinywani na vichwani mwa watu kabla ya kukusanywa na kuandikwa. Umbo lenyewe limeundwa likumbukwe: ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, kila kipande kina mizani (silabi) nane, na vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho hushikilia kila kitu mahali pake.

Mizani utaihesabu kwa mkono mzima. Gusisha ncha ya kidole gumba na kidole cha shahada kwa silabi ya kwanza, cha kati kwa ya pili, cha pete kwa ya tatu na cha mwisho kwa ya nne, kisha rudia. Mzunguko wa pili ukiisha, kipande kimoja kimetimia. Kumbuka kwamba herufi M inayotamkwa peke yake mbele ya konsonanti ni silabi kamili, kwa hiyo neno «mkono» lina mizani tatu. Huu hapa ubeti wa kujaribia vidole:

Mkono umefungiwa, kalamu nimeiweka,
Sauti sijazuiwa, maneno yanamwagika,
Beti zinahifadhiwa, simuni zinasikika,
Siku nikifunguliwa, zote nitaziandika.

Anza na mshororo wa mwisho. Ukishapata kituo kizuri, vina vyote viwili umevipata, na kazi iliyobaki ni kutafuta maneno matatu yanayoishia na kina cha kati na matatu yanayoishia na kile cha mwisho. Ubeti mmoja kwa siku ni lengo la heshima. Anayeona hilo ni zito ajaribu utenzi, ambao mshororo wake ni kipande kimoja tu cha mizani nane. Kila ubeti ukikamilika, urekodi kwenye simu kama ujumbe wa sauti unaojitumia mwenyewe, ukitanguliza tarehe. Kuandika kwa sauti pia kunawezekana, kwa kuwa kibodi ya Google inaelewa Kiswahili cha kusemwa tangu mwaka 2017, lakini usitarajie iandike Sheng au majina ya mitaa bila makosa. Mimi ningeiachia sauti ibaki sauti, kisha kazi yote niiandike mkono ukipona.

Picha za karatasi za kurarua. Watu hukimbilia makasi, na makasi ndiyo yatakayokukatisha tamaa. Makasi ya kawaida yameundwa kwa mkono wa kulia: ukiyashika kwa wa kushoto, mkandamizo wa vidole huzitenganisha bapa mbili badala ya kuzibana, na bapa la juu hukuficha mstari unaoukata. Karatasi itakunjika katikati bila kukatika. Basi achana nayo, rarua.

Chukua gazeti kuukuu. Lilaze mezani, weka kitabu kizito juu ya sehemu unayotaka ibaki, panga ukingo wa kitabu pale unapotaka mpasuko upite, kisha vuta sehemu iliyochomoza polepole kuelekea kwako huku ukiishusha kidogo. Utaona kwamba gazeti huraruka kwa mstari ulionyooka ukilivuta kutoka juu kwenda chini, lakini ukijaribu kwa upana linakwenda ovyo kwa mapindo na meno. Hiyo si hitilafu ya mkono wako, ni mkondo wa nyuzi za karatasi, ambazo hulala upande mmoja tangu kiwandani. Itumie: mipasuko iliyonyooka kwa majengo ya mjini na nguzo za stima, mipasuko ya meno kwa miti, moshi na nywele. Kurasa za rangi za majarida zina jambo lingine. Ukirarua, ukingo mweupe hubaki upande mmoja wa mpasuko; badili mwelekeo wa kuvuta na weupe huo utahamia kwenye kipande cha pili. Mtu akiujua ukingo huo anaweza kuchora nao mwanga juu ya paa la mabati bila kugusa brashi.

Gundi ya uji wa unga wa ngano inatosha kabisa, kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vinne au vitano vya maji, lakini mtu mwenye mikono miwili ndiye aipike. Ipakue kwenye kifuniko cha chupa, uipake kwa brashi pana. Karatasi ya manila ndiyo msingi wa bei nafuu kuliko yote, na hupatikana katika duka lolote la vifaa vya shule. Aliye na fundi cherehani karibu amwombe vibaki vya vitambaa. Vingi hutupwa jioni.

Kama unahitaji mtu wa kumtazama, mtazame Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, ambaye baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka 1941 hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai. Aliagiza wasaidizi wake wapake rangi karatasi, naye akawa anazikata maumbo akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Hakurudi kuchora kwa shida kile alichokichora zamani. Alibadili kazi, na kazi hiyo mpya ni miongoni mwa zilizompa sifa kubwa kuliko zote.

Mchoro mkubwa kwa mkono wa pili. Hii ni ya mwenye ukaidi, na siikatazi, mradi mchoro uwe mkubwa. Udhaifu wa mkono ambao haujazoea kuchora umo zaidi kwenye vidole. Bega na kiwiko chake vinaweza kuchora duara au mteremko wa kilima kwa uhakika wa kushangaza. Bandika karatasi nzima ya manila ukutani kwa usawa wa kifua, shika kipande cha mkaa au chaki nene, na uchore kwa kusogeza mkono wote. Mkaa wa jiko unakwaruza na vipande vingine havitoi rangi, lakini ni wa bure. Kalamu yoyote nyembamba inenepeshwe kwanza: omba fundi wa baiskeli akukatie kipande cha tyubu kuukuu, kichomeke kwenye kalamu, ukizungushe mara kadhaa hadi unene utoshe kushikwa bila kukaza ngumi.

Mistari ya kivuli itakuja kwa mlalo tofauti na ule uliouzoea. Mkono wa kulia huilaza kwa urahisi kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Wa kushoto huilaza kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, na ndivyo michoro ya Leonardo da Vinci, aliyetumia mkono wa kushoto, inavyotambulika. Usiilazimishe igeuke. Ukitaka kuandika maneno machache chini ya mchoro, zungusha karatasi ili pembe yake ya juu ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia, na utumie penseli badala ya wino, kwa sababu kiganja cha kushoto hupita juu ya maneno yaliyoandikwa punde na kuyafuta.

Picha za simu. Ni kazi rahisi kwa mkono mmoja ikiwa utaacha kubonyeza kioo. Simu nyingi hupiga picha kwa kitufe cha sauti, na zote za kisasa zina kipima muda kinachokuwezesha kuituliza simu kabla haijapiga. Ifunge kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Wasiwasi wangu si kuanguka kwa simu tu bali pia wanyakuzi, na mtu mwenye plasta akisimama katikati ya jiji ameinua simu kwa mkono mmoja huwa ameshatangaza kwamba hawezi kumkimbiza mtu. Piga picha ukiwa umeegemea ukuta, ndani ya ua, ndani ya maktaba ya McMillan, au kwenye bustani yenye walinzi kama Arboretum na msitu wa Karura.

Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu saa ile ile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na mwanga laini wa asubuhi na jioni hupita haraka. Chagua somo moja kwa mwezi wote. Katika Oktoba na Novemba maua ya zambarau ya mijakaranda humwagika barabarani, na mtu akipiga picha za maua yaliyoanguka tu, kwenye matope, kwenye paa la gari, kwenye mabega ya muuza njugu aliyekubali kupigwa picha, atakuwa na kazi ya kuonyesha. Ukienda kwa matatu, epuka saa za msongamano, chagua kiti ambacho mkono wenye plasta utakuwa upande wa dirisha badala ya upande wa njia anayopita makanga, na usishuke kabla gari halijasimama kabisa, hata dereva apige honi namna gani.

Mchoro wa kuagiza. Mtafute mtoto wa ndugu au wa jirani mwenye umri wa kutosha kushika kalamu vizuri. Wewe unaeleza, yeye anachora, na sheria ni kwamba hutaja umbo, ukubwa na mahali bila kutaja jina la kitu. «Chora duara dogo, chini kabisa, karibu na ukingo wa kulia.» «Anti, nililiweka. Sasa?» «Sasa mstari mnene unaotoka kwenye duara kwenda juu, unapinda kabla ya kufika katikati.» Baada ya dakika kumi mtoto anagundua kwamba amechora baiskeli, au amechora kitu ambacho hukukikusudia lakini ni kizuri zaidi. Jina lake liandikwe kwenye karatasi pamoja na lako, na siku akitaka kwenda kucheza, aachwe aende.

Hatua ya tano: tayarisha meza ya mkono mmoja

Karibu kila kazi ya sanaa ina mkono unaofanya na mkono unaoshikilia, na plasta inapoondoa mmoja, kinachokosekana hasa ni ule wa kushikilia. Tafuta vitu vya kuchukua nafasi yake. Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi wa rangi hubana pembe nne za karatasi na kubanduka bila kuirarua. Kibanio cha nguo hushika ukurasa wa kitabu. Kitambaa chenye unyevu chini ya chupa ya wino huizuia isiteleze unapoifungua, na mrija wa rangi hubanwa kati ya magoti huku kifuniko kikizungushwa. Fungua vyote unavyohitaji kabla ya kuanza kuhesabu dakika zako 20, la sivyo nusu ya muda itaishia kwenye vifuniko.

Anayetumia kompyuta ya Windows abonyeze kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Kompyuta itamuuliza kama anataka vitufe vya kushikilia (Sticky Keys), na akikubali, ataweza kubonyeza Ctrl kisha herufi, kimoja baada ya kingine, badala ya vyote kwa pamoja.

Plasta ya jasi haipatani na maji. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Agosti 2017, njia ya karibu zaidi ya kuikinga na mvua au matone ya rangi ni mfuko wa mkate, ule wa gramu 800, uliofungwa kwa mpira usiobana. Usiuache hapo siku nzima, kwa sababu jasho nalo ni maji. Kuipamba plasta yenyewe kunaruhusiwa kwa kalamu ya rangi, lakini usiifunike yote kwa rangi nzito ya mafuta, kwani huziba vinyweleo vyake na kuzuia unyevu kutoka.

Hatua ya sita: siku kwa siku

Fanya kazi saa ile ile, ukipendelea asubuhi, kabla mkono haujachoka kwa shughuli za nyumbani. Kila dakika kumi, weka kalamu chini, shusha mabega, zungusha shingo taratibu. Kitambaa kinachoning'iniza mkono huivuta shingo upande mmoja, na maumivu ya kichwa ya jioni mara nyingi hutokea huko. Mkono mzima ukianza kuuma kwenye kifundo au kwenye kiwiko, badili kazi kuwa ya sauti kwa siku mbili. Hili si la kujadiliwa, kwa maana mtu asiye na mkono hata mmoja hawezi kufungua kitasa cha mlango.

Kuhusu kuwaonyesha watu kazi yako, onyesha ukitaka. Ningeshauri tu usiombe radhi kwa maandishi chini ya kila picha ukieleza kwamba ulitumia mkono wa kushoto. Eleza mara moja, siku ya kwanza, basi.

Ikiwa kilichoumia ni mguu

Mikono yako ni mizima, kwa hiyo kizuizi ni mahali, si chombo. Mguu unatakiwa kuinuliwa, na meza ya kawaida haifai. Tumia ubao mwepesi juu ya paja la mguu mzima. Frida Kahlo, baada ya ajali ya basi mjini Mexico mwezi wa Septemba 1925, alianza kuchora akiwa amelala, kwa ubao uliotengenezwa umfikie kitandani na kioo kilichowekwa juu yake ajione. Aliye ghorofani katika mitaa ya Umoja au Pipeline ana dirisha, na dirishani kuna kamba za nguo za majirani, ambazo hubadilika kila siku na hazimdai mtu atoke nje.

Hatua ya saba: plasta ikitolewa

Mkono utakaotoka hautafanana na ulioingia. Utakuwa mwembamba, ngozi imekauka na kubanduka magamba, na kifundo kitakataa kupinda. Osha kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, paka mafuta, na usishtuke. Fanya mazoezi uliyopewa na mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kushika kalamu, si baada yake, kwa kuwa kidole kilichopashwa joto hutii zaidi.

Rudi kwenye kazi yako ya zamani kwa kufuata ukubwa: kwanza chaki na mistari ya bega, kisha kalamu iliyonenepeshwa kwa tyubu, na mwisho kalamu nyembamba, makasi na sindano. Dakika tano zinatosha mara ya kwanza, na zisiongezwe kila siku. Maumivu madogo yanayoisha ndani ya saa moja baada ya kazi ni ya kawaida. Yakikesha nawe, punguza dakika siku inayofuata, na yakidumu siku kadhaa, au uvimbe ukirudi, mwone mtaalamu wako bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.